Gari la Kumuuzia Soma

Mteja akifika kwenye uwanja wa magari wa Kasai kutafuta gari, haulizwi ana kiasi gani mfukoni. Anaulizwa anakaa wapi. Tokue, mwanamke mwenye uwanja, humkalisha karibu na jiko la mafuta ya taa, humtilia chai, humsogezea kisahani cha figili ya chumvi, kisha huanza. Nyumba yako iko upande gani wa barabara? Greda la theluji linapita kwenu saa ngapi? Wewe unatoka kabla yake au baada yake? Kutoka mlangoni hadi barabara kuu ni hatua ngapi, na nani anaisafisha njia hiyo?

Watu wa mjini hucheka. Wamekuja kuzungumzia rangi na viti, wanahojiwa kama waposaji. Watu wa vijiji vya chini ya Mlima Iwaki hawacheki. Wanajua kwamba greda likishapita huacha mbele ya kila nyumba tuta la theluji iliyosagwa na kushindiliwa, gumu kama udongo wa kichuguu, la kimo cha goti. Mtu anaweza kuwa na gari la fahari na bado akashinda ndani akilitazama dirishani.

Baada ya chai Tokue humpeleka mteja nyuma ya uwanja. Huko kuna tuta la namna hiyo, la kutengenezwa, ambalo fundi wake Osanai hulirudishia kimo kila asubuhi. Mteja hupewa ufunguo, huambiwa apite. Gari likivuka, wanarudi ndani kuzungumza bei. Lisipovuka, hulala juu ya tuta kwa tumbo, magurudumu yakizunguka bila kushika kitu. Wenyeji husema gari hilo limekuwa kobe.

"Linavuta kwa miguu yote minne, na bado kobe," Osanai hupenda kusema akimletea mteja chepe. "Nguvu za miguu zitafaa nini tumbo likiwa chini? Hata mke wangu ananiambia hivyohivyo."

Kwa tuta hilo Tokue alikuwa amepoteza wateja wengi na kupata jina. Tangu mzee Kasai afe na kumwachia uwanja, yapata miaka tisa, hakuna aliyewahi kusema aliuziwa kwake gari lisilolingana na njia yake. Watu walidhani ni uaminifu tu, kwamba ndivyo alivyozaliwa. Haukuwa uaminifu tu. Ilikuwa hasira iliyopata kazi ya kufanya.

Majira ya baridi kumi na tatu nyuma, Tokue alikuwa mke wa Mikami Eikichi, mpakiaji wa ghala la matufaha, mtu mpole aliyekuwa akiongea na masanduku akiyapanga. Desemba ile gari lao lilikufa. Eikichi akaenda mjini Hirosaki peke yake, kwenye duka moja la magari karibu na daraja, kwa mtu aitwaye Soma, akarudi na gari la rangi ya fedha. Alimzungusha mkewe nyuma ya gari kumwonyesha kibandiko kinachosema linavuta kwa miguu minne. Alikipangusa kwa mkono wa koti, mara mbili, ingawa kilikuwa safi.

Mwisho wa Januari, jioni ya upepo ule unaonyanyua theluji ya mashambani na kuitupa barabarani mpaka mtu haoni mkono wake, Eikichi alikwama akitoka ghalani. Dereva wa greda alimkuta alfajiri. Mpini wa chepe ulikuwa umevunjika. Alikuwa amechimba, kisha akachoka, akaingia ndani, akaacha injini inaunguruma apate joto. Theluji ikaziba bomba la moshi, hewa yake yenye sumu ikarudi ndani. Alionekana kama mtu aliyelala.

Kasai ndiye aliyelivuta gari lile kwa winchi. Alilitazama chini, akanyamaza. Wiki kadhaa baadaye Tokue alipokwenda kulimaliza suala la chuma chakavu, mzee akamwambia, "Mama, sitaki kukuongezea uchungu. Lakini nani aliwauzia hili? Hakuna propela, chuma cha kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Linavuta kwa miguu miwili ya mbele tu."

Karatasi nazo zilisema miguu miwili, kwa maandishi madogo, na chini yake palikuwa na muhuri mwekundu wa Eikichi, ambao huko ndio saini, mwenyewe kaugonga. Kibandiko hakikutajwa popote. Tokue alikwenda mara moja tu Hirosaki, akasimama ng'ambo ya barabara, akamtazama Soma akifuta kioo cha gari na kucheka na mteja. Hakuvuka. Alirudi kwa Kasai akaomba kazi ya kuosha magari. "Na unifundishe kutazama chini," alisema.

Wanasema subira yavuta heri. Ya Tokue ilikuwa inavuta kitu kingine. Alijua kwamba katika nchi ile kila mtu, awe nani, iko siku atahitaji gari la kumtoa kwenye theluji. Alingoja.

Simu ililia Alhamisi moja ya Januari, mchana, theluji ikianguka wima bila upepo.

"Naitwa Soma," ilisema sauti ya mzee. "Nilikuwa na duka la magari Hirosaki, pale darajani. Labda marehemu baba yako alinifahamu."

Alidhani anaongea na binti wa Kasai. Tokue hakumsahihisha. "Karibu kesho, mzee," alisema, akaweka simu chini taratibu kama mtu anayeweka yai.

Asubuhi aliwahi kuliko Osanai. Aliwasha mashine ya kusukuma theluji, akaenda nyuma ya uwanja, akalisawazisha tuta lote mpaka pakawa tambarare kama sakafu. Osanai alipofika alisimama pale na chepe lake begani.

"Bosi, tuta limekwenda wapi?"

"Nimelisukuma."

"Limekukosea nini?"

"Leo halihitajiki. Kafunge betri ya lile gari la mwalimu."

Soma aliletwa na gari la jirani. Alikuwa na miaka sabini na minne, amepungua, kofia ya sufi imemfika nyusini. Tokue alikuwa amejiandaa kuona sura nyingine. Alimtilia chai. Swali likamtoka kwa mazoea kabla hajalizuia.

"Greda linapita kwenu saa ngapi?"

"Saa moja na nusu. Sisi siku za kwenda tunatoka kabla, kumi na mbili na nusu." Akaeleza bila kuulizwa. Duka alilifunga miaka minne iliyopita. Walihamia nyumba ya wazazi wa mkewe, Matsukizawa, ya mwisho kabla ya msitu. Mkewe anasafishwa damu kwa mashine hospitalini Hirosaki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na saa mbili kamili lazima awe kitandani pale, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Gari lao limekufa siku ya mwaka mpya, na jirani anayewapeleka ameanza kukunja uso.

Tokue akapiga hesabu kichwani, hesabu aliyokuwa akiwapigia watu kila siku. Nyumba ya mwisho. Kabla ya greda. Mita mia tatu za theluji mbichi ambayo haijakanyagwa na mtu. Alijua gari linalofaa. Lilikuwa pale kwenye kona, kijigari kirefu cha kwenda juu, chenye bamba la njano la magari madogo, kibaya kama sanduku la matufaha.

"Nataka miguu minne," Soma akasema. "Na kiti kisiwe juu."

"Tazama mwenyewe, mzee. Wewe ni mtu wa kazi hii."

Alizunguka uwanja mikono nyuma. Alilipita lile sanduku bila kuligeukia. Alisimama mbele ya gari jeusi la chini, lililokuwa la daktari wa mjini, lenye tumbo lisilozidi upana wa kiganja kutoka ardhini. Akaligonga tairi kwa ncha ya kiatu.

"Hili lina miguu minne kweli?"

"Inama uone propela."

Aliinama kwa shida, mkono mmoja juu ya mlango, akachungulia. "Ipo," alisema akinyanyuka, uso mwekundu, ameridhika. "Mimi nimeuza magari miaka thelathini na minane, binti Kasai. Mtu hawezi kunidanganya kwa kibandiko."

Akacheka kidogo. Tokue naye akatabasamu, na baadaye alikumbuka kwamba tabasamu lile halikumgharimu chochote.

"Nasikia mna tuta la kujaribia."

"Lilikuwepo. Upepo wa juzi umeliondoa."

Ndani ya karakana nyundo ya Osanai ilinyamaza.

"Si kitu," Soma akasema. "Hili ni zito. Gari zito linaikanyaga theluji."

"Ndivyo wasemavyo watu wa mjini," akasema Tokue.

Walikubaliana achukue Jumanne saa nne, karatasi zikiwa tayari. Jirani atawapeleka hospitalini Jumatatu kwa mara ya mwisho. Redio ilikuwa imeshatangaza theluji nzito kuanzia Jumanne usiku. Safari yao ya kwanza ingekuwa Jumatano.

Osanai alingoja mpaka mzee alipoondoka.

"Mimi ni fundi, bosi, si polisi. Lakini mzee yule anakaa Matsukizawa, na gari lile lina tumbo la bata."

"Lina miguu minne. Kaikagua mwenyewe."

"Sijasema halina. Nasema wewe umewahi kumnyima padri gari hilohilo, na padri anakaa karibu kuliko huyu." Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Ni nani?"

"Ndiye aliyemuuzia Eikichi."

Osanai alikaa juu ya tairi. "Angekuja kwangu," alisema mwishowe, "ningemuuzia baiskeli." Kisha akaongeza, bila kumtazama, "Na anayekaa kiti cha pembeni?"

"Eikichi naye alikuwa na mtu nyumbani."

Siku nne zile zilikuwa tamu, na itakuwa uongo kusema vingine. Supu ya vichwa vya samaki ilikuwa na ladha ambayo Tokue alikuwa ameisahau. Alilala usingizi wa mtu aliyevuna. Akiwa anaendesha, akiwa anasugua sufuria, alilitazama gari jeusi likipanda theluji ya Matsukizawa na kulala kwa tumbo, alimtazama mzee akishuka na chepe, kofia ikidondoka, mikono ikianza kuganda. Alimchimbisha. Alimchimbisha asubuhi na jioni. Katika picha hizo kiti cha pembeni kilikuwa kitupu daima. Kila asubuhi aliweka wali mbele ya picha ya Eikichi kama kawaida, akagonga kikengele, akafumba macho. Alikuwa na desturi ya kumweleza habari za uwanja: nani kanunua, nani kanuna. Habari hii hakumweleza. Alijiambia anamwekea mpaka iive.

Jumanne saa nne kasoro, Soma alifika na mkewe. Kinu alikuwa mwanamke mfupi, amevikwa makoti mawili, anatembelea fimbo. Kizingiti cha ofisi kilimshinda. Osanai alikuja akamshika kiwiko, akamwinua kama mtu anayeinua chungu chenye ufa.

"Mniwie radhi," Kinu alisema akiketi. "Magoti yangu hayapandi tena. Gari la jirani liko juu, mume wangu ananibeba kama gunia la mchele, na yeye mwenyewe mgongo mbovu. Ndiyo maana akatafuta la chini. Amesema hapa mna watu wa kweli." Akatoa kifurushi cha gazeti chenye vipande vya matufaha yaliyokaushwa. "Ni ya mti wetu. Kidogo tu, mama."

Tokue alikipokea kwa mikono miwili. Akakiweka mezani, akatandaza karatasi za mauzo, haraka kidogo kuliko desturi yake.

Soma hakuzisoma. Hakuwa na miwani, au hakuona haja. Alitoa muhuri wake mfukoni, akaupuliza, akaugonga mahali palipohitaji na kuisukuma karatasi kwa mkewe aikunje. Kinu hakuikunja. Alikuwa mtu wa kusoma. Alianza juu, kidole kikifuata mistari, mpaka kikafika penye jina la muuzaji, kikasimama.

"Mikami," alisema.

Tokue alikisogeza kifurushi cha matufaha pembeni.

"Si Kasai. Mikami Tokue." Kinu aliinua uso. "Mikami wa ghala la matufaha?"

"Mume wangu alifanya kazi huko. Eikichi."

"Mikami yupi?" Soma akauliza. Aliuliza kwa udadisi tu, kama mtu anayetaka kujua njia. Tokue alimtazama machoni, akitafuta kitu cha kukichukia zaidi, akaona kwamba hakuna kitu. Mzee hakuwa anaficha. Hakukumbuka.

"Wa gari la fedha," Kinu alimwambia mumewe. "Lile lililokuwa na kibandiko cha mwenyewe wa kwanza. Nilikuambia tukibandue."

"Kinu, nimeuza magari zaidi ya elfu moja, nitakumbuka..."

"Mimi nakumbuka. Nilimtilia chai. Alikuuliza mara tatu kama litapita kwenye theluji ya mashambani. Mara mbili ukamjibu linatosha. Ya tatu alinitazama mimi." Kinu alilaza fimbo mapajani. "Nikatazama birika."

Jiko liliguna. Nje theluji ilikuwa imeanza, mapema kuliko redio ilivyosema.

"Tulisoma gazetini," Kinu akaendelea. "Nilitaka kuja mazishini. Huyu akasema tukienda tutakuwa tumekiri. Sikuja. Sikuombi kitu, mama, mwenye haki ya kuomba si mimi. Nina swali moja tu, na wewe unaweza kunijibu au usinijibu. Gari hili, kesho asubuhi, litatutoa?"

Jibu Tokue alikuwa nalo tangu Ijumaa. Lina miguu minne, mumeo ameikagua. Halikuwa na uongo ndani yake hata neno moja. Alifungua mdomo alitoe, na akagundua kwamba hamtazami yule mwanamke. Anatazama birika lililokuwa juu ya jiko, mvuke wake, kishikio chake kilichofungwa kitambaa.

Alisimama, akaenda mlangoni.

"Osanai. Rudisha tuta."

Fundi alitazama anga, akamtazama yeye, akaenda kuwasha mashine bila kuuliza. Ilimchukua nusu saa. Ofisini Soma alikohoa mara moja, akasema kwamba jamani, mambo ya zamani. Hakuna aliyemsaidia kuimaliza sentensi.

"Ufunguo huu, mzee," Tokue alisema tuta lilipokamilika. "Gari ni lako, muhuri umegonga. Pita."

Soma alikwenda. Fahari bado ilikuwa imemshika mgongo. Alirudi nyuma, akaingia kwa kasi, jeusi likapanda kwa pua, likaguna, likatua. Likakaa. Magurudumu manne yakazunguka hewani, yote manne, sawasawa na karatasi. Alijaribu nyuma, akajaribu mbele. Theluji laini ikaruka pembeni, na tumbo likazidi kujikalia.

"Kobe," Osanai alisema kwa sauti ndogo. Hakuongeza habari za mkewe.

Tokue alimfungulia mzee mlango, akampa chepe.

"Chimba."

"Mimi?"

"Wewe ndiye dereva."

Alichimba. Kwa kuwa tuta lilikuwa gumu, chepe lilidunda, ikabidi apige magoti na kuingiza mkono chini ya tumbo la gari, akikwangua. Kofia ilimdondoka. Kwenye uzio walikuwa wamesimama watu wawili watatu waliokuwa wakipita, na mmoja alisikika akisema, "Si yule Soma wa darajani? Leo anachimba mwenyewe," na mwenzake, "Mwache achimbe, kwangu alinipa betri mbovu." Kinu alikuwa dirishani mwa ofisi, amejiegemeza kwenye fimbo. Hakukaa chini.

Osanai alichukua chepe la pili. "Acha," Tokue alimwambia.

"Bosi, atadondoka."

"Akidondoka tutamwinua. Acha."

Alisimama hatua mbili kutoka kwa mzee, mikono ndani ya mikono ya koti. Alizungumza bila kupandisha sauti, kama alivyokuwa akizungumza na wateja.

"Mume wangu alichimba mpaka mpini ukavunjika. Kisha akachimba kwa mikono, kucha zake niliziona. Bomba la moshi hakulifikia. Wewe hili lako liko palepale nyuma yako, ligeukie uone lilivyo karibu."

Soma aligeuka, akalitazama, akahema.

"Nilikusudia uchimbe kesho, Matsukizawa, giza halijatoka, mkeo yumo ndani. Tuta hili nililiondoa mimi, si upepo. Siku nne nimekula vizuri kwa ajili hiyo."

"Sasa mbona unaniambia?"

"Ili ujue ulivyokuwa karibu."

Mzee alikaa juu ya visigino vyake. Theluji ilikuwa ikimtua kwenye nywele nyeupe, isionekane. "Sura yake haiji," alisema. "Nakuapia, najaribu, haiji."

"Najua haiji. Endelea kuchimba."

Ilichukua dakika arobaini. Gari liliposhuka, Soma hakuweza kunyoosha vidole kuushika usukani, na Osanai ndiye aliyelirudisha kwenye safu. Tokue akachana karatasi zenye mihuri, akaandika nyingine za kile kijigari kirefu cha bamba la njano. Tumbo lake liko juu, lina miguu minne, jepesi, linapanda theluji badala ya kuisukuma. Magoti ya Kinu yalikuwa ndiyo kikwazo pekee, na hilo lilikuwa jambo la chuma tu. Osanai alichomelea kidaraja chini ya mlango wa pembeni na mshikio kwenye nguzo, akampandisha na kumshusha yule bibi mara tatu akipima, akanyanyua kidaraja kwa kimo cha vidole viwili, akachomelea upya.

"Sasa mama unapanda kama bibi harusi," alimwambia.

"Bibi harusi wa miaka sabini na moja," Kinu akasema. "Kazi yako safi."

Maelezo ya gari Tokue alimpa Kinu, siyo Soma aliyekuwa amekaa karibu na jiko mikono ikirudi uhai. Breki ya mkono usivute majira haya, itaganda na haitaachia. Waipa za kioo ziinue ukiegesha. Chepe likae ndani, miguuni pako, si nyuma, maana mlango wa nyuma ukizibwa chepe si chako tena. Mkikwama, zima injini. Kisha chimba bomba la moshi kwanza, kabla ya tairi, kabla ya kitu chochote. Kinu alirudia kila neno kama mtoto wa shule. Tokue akautia ufunguo mkononi mwa Kinu.

"Aendeshe yeye, ufunguo uutunze wewe," alisema. "Umwambie wewe lini awashe."

"Nitamwambia," Kinu alijibu. Soma alisikia, akaendelea kusugua mikono.

Katika nchi ile muuzaji humsindikiza mteja hadi barabarani. Husimama pale na kuinama, na hubaki ameinama mpaka gari litokomee. Tokue alikuwa amewainamia hata wale walioondoka wakimtukana kwa kuwanyima gari walilolipenda. Siku hiyo alitoka mpaka barabarani, akasimama wima.

Kijigari kilikwenda mita chache, kikasimama. Mlango wa dereva ukafunguliwa. Soma alishuka, akaja mpaka mbele yake, akaweka mikono kwenye mishono ya suruali, akainama. Aliinama sana, kiuno kikatetemeka. Mtu akiinamiwa hivyo hutakiwa naye ainame upesi, ili mwenzake apate ruhusa ya kunyanyuka. Tokue hakuinama. Alimtazama kisogo, ukosi wa koti, mgongo ambao theluji ilikuwa ikiujaza taratibu mpaka rangi ya koti ikapotea. Gari la mizigo lilipunguza mwendo, likawapita kwa pembeni. Ndani ya kijigari Kinu alikuwa anatazama mbele.

Alipoona imetosha, ingawa hakujua imetosha kwa kipimo gani, alisema, "Nenda. Greda linakuja." Mzee akanyanyuka kwa shida, akaenda.

Osanai alikuwa ameinama muda wote kando ya uzio, kwa niaba ya uwanja. Alijikung'uta.

"Kwa hiyo umemsamehe," alisema.

"Nimemuuzia gari."

Aliingia ofisini, akafungua kile kifurushi cha gazeti, akala kipande kimoja cha tufaha akiwa amesimama. Kilikuwa kitamu, akaudhika. Kisha akachukua ufagio, akatoka kwenda kufuta theluji juu ya lile gari jeusi. Bado lilikuwa zuri, kwa mtu wa mjini.